Barua kwa mwanangu kuhusu nukta ya Shenshu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa maumivu ya kiuno. Umeniuliza Shenshu ni nini, na kama ni kweli alivyokwambia mtabibu wako wa akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini, kwamba sindano ikichomwa hapo hutibu figo.

Simama, uweke mikono kiunoni hadi uguse ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga. Usawa huo hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Panda pingili mbili, kisha toka kando ya uti wa mgongo kwa upana wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, navyo viwe vidole vyako mwenyewe, kwa sababu Wachina humpima mgonjwa kwa mwili wake. Hapo, kulia na kushoto, ndipo ilipo Shenshu, nukta ya 23 kati ya 67 za njia ya kibofu, mojawapo ya njia ambazo Wachina huamini nguvu ya uhai hupitia mwilini. Katikati yake, kwenye uti wenyewe, iko nukta nyingine, Mingmen.

Kitabu chao cha kale, Huangdi Neijing, hukiita kiuno nyumba ya figo. Lakini figo ya mapokeo hayo ni pana kuliko ile inayopimwa hospitalini: ndiyo huhifadhi asili ya uhai, na ndiyo hutawala mifupa, masikio, uzazi na maji ya mwili. Ndiyo maana nukta hii moja hutumiwa kwa kiuno kinachouma, magoti yaliyolegea, masikio yanayovuma, hedhi isiyo na mpangilio, upungufu wa nguvu za kiume na hata mtoto anayekojoa kitandani. Mgonjwa anayehisi baridi kiunoni hufukizwa hapo kwa moksa, yaani majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga.

Kwa maumivu, sikukatazi kujaribu. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 1,162 wa kiuno, ulionyesha nafuu kwa asilimia 47.6 ya waliochomwa kwenye nukta za mapokeo, 44.2 ya waliochomwa juujuu mahali pasipo nukta, na 27.4 ya waliopata matibabu ya kawaida. Kwa hiyo sindano huenda ikakupa nafuu, ingawa mahali penyewe panaonekana kuchangia kidogo kuliko mapokeo yanavyodai. Ugonjwa wa figo, mwanangu, ni jambo jingine kabisa: huo hutambuliwa kwa kipimo cha damu na mkojo, na mimi nakusihi ukapime. Ukipata homa pamoja na maumivu hayo, ukishindwa kuzuia mkojo au ukihisi ganzi sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtabibu wako na afungue sindano mpya mbele ya macho yako, wala asiizamishe sana kuelekea ubavuni, kwa kuwa figo yenyewe haiko mbali. Ukiwa na ujauzito, mwambie kabla hujalala kitandani kwake.

Mama yako