Maswali ya Wasomaji: Trela la Mtumba na Mgongo wa Pikapu

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikifanya kazi za mkataba katika hospitali za Texas, wiki 13 hapa na wiki 13 pale. Kwa kuwa nimechoka kupanga nyumba kila nikihama, mwezi uliopita nilinunua trela la kuishi la mwaka 2014, lenye urefu wa futi 32, la aina ile inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu, ambayo Wamarekani huiita "gurudumu la tano". Aliyeniuzia amenihakikishia kwamba pikapu yangu ya daraja la nusu tani (ni jina tu la daraja jepesi, si kipimo cha mzigo) ina nguvu za kutosha kulivuta, na kwamba matairi ni mazima kwa kuwa hayajawa vipara. Trela bado liko uwanjani kwake. Nianzie wapi? — *Muuguzi, Houston*

JIBU: Dada, umefanya vyema kuandika kabla hujaliondoa trela hilo uwanjani, kwa sababu jambo la kwanza la kukaguliwa liko kwenye mlango wa pikapu yako.

Jina hilo la gurudumu la tano lilitokana na magari ya farasi, ambayo yalikuwa na gurudumu la ziada lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli hiyo ipate kugeuka. Mtambo wa leo ni uleule unaounganisha vichwa vya malori na matela yao katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma: kipande kinene cha chuma kilicho chini ya pua ya trela, yaani kingipini, huingia katika taya za bamba lililofungwa kwenye bodi ya gari, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kwa mpangilio huo trela hutulia barabarani kuliko lile linalofungwa nyuma ya bampa, lakini gharama ya utulivu huo ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wake hukaa mgongoni mwa pikapu.

Hapo ndipo muuzaji wako alipokuambia nusu ya habari. Punda anayekokota mkokoteni wenye magunia 8 hawezi kubebeshwa magunia hayohayo mgongoni, na pikapu nayo ina kiwango chake cha kuvuta na kiwango chake cha kubeba, ambavyo havifanani hata kidogo. Uzito unaoshuka kupitia kingipini huwa kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wa trela lote. Tuchukue kwamba kibandiko cha trela lako, ambacho kwa kawaida huwa ubavuni upande wa dereva, karibu na pua, kinaruhusu uzito wa jumla wa pauni 12,000, yaani takriban kilo 5,440. Asilimia 20 ya hizo ni pauni 2,400. Sasa fungua mlango wa dereva wa pikapu, usome kibandiko kinachotaja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa pamoja: kwa pikapu za nusu tani tarakimu hiyo mara nyingi huwa chini ya pauni 2,000, na ndani yake umo wewe mwenyewe, abiria wako, sanduku la vifaa, na hata lile bamba la kuungia, ambalo peke yake linaweza kufikia pauni 150 au zaidi. Hesabu haikubali, hata injini ingekuwa na nguvu za namna gani.

Tafadhali usipige hesabu kwa uzito wa trela tupu ambao wauzaji hupenda kuutaja, kwa maana hakuna anayeishi ndani ya trela tupu. Tangi la galoni 50 za maji safi peke yake lina zaidi ya pauni 400. Njia ya uhakika ni mizani ya malori iliyopo katika vituo vikubwa vya mafuta vya kando ya barabara kuu, ambapo kwa ada ndogo utapewa karatasi inayoonyesha uzito wa ekseli za mbele za gari, za nyuma, na za trela, kila moja peke yake. Pima pikapu ikiwa peke yake, kisha ipime ikiwa na trela, na tofauti ya uzito wa ekseli za pikapu itakuonyesha mzigo halisi ulioko mgongoni.

Ikiwa pikapu haimudu, usikimbilie benki kukopa fedha za kununua kubwa zaidi. Wewe unahama mara nne kwa mwaka. Kumlipa mwenye gari linalofaa, mwenye leseni na bima, akuhamishie trela mara hizo nne kunaweza kukugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya pikapu mpya, na wewe ukaendelea kwenda kazini kwa gari lako la kawaida. Ukiamua kuvuta mwenyewe kwa gari la daraja la juu, leseni yako ya kawaida ya Texas, ya daraja C, inatosha mradi viwango vya uzito vya gari na trela vikijumlishwa havifiki pauni 26,001. Vikifika hapo, na trela likazidi pauni 10,000, utahitaji leseni ya daraja A isiyo ya biashara.

Baada ya uzito, maji. Matrela ya kuishi huharibiwa na mvua zaidi ya yanavyoharibiwa na barabara, kwa sababu kuta zake mara nyingi ni mbao nyembamba au povu lililofunikwa kwa fibaglasi, na maji yakishaingia huoza kimyakimya kwa miaka kabla mwenyewe hajajua. Egemeza ngazi ukague kila mahali ambapo paa limetobolewa: penye matundu ya hewa, kiyoyozi, bomba la choo na pembezoni. Gundi ya kuzibia ikiwa imepasuka, iondoe iliyolegea na kuweka ile iliyotengenezwa kwa ajili ya paa la aina hiyo. Usitumie silikoni ya dukani, kwa kuwa haishiki vizuri kwenye paa la mpira na gundi nyingine nazo hazishiki juu yake. Kisha ingia ndani, uvue viatu, na ukanyage polepole pembe zote za sakafu, hasa chini ya madirisha na kando ya vyumba vinavyosukumwa nje. Mahali panapobonyea pameoza. Nje nako, simama pembeni mwa ukuta uutazame kwa ubapa jua likiwa chini. Uvimbe unaofanana na lengelenge ni dalili ya fibaglasi iliyoachana na mbao zake, na ukarabati wake si wa siku moja wala wa fedha kidogo. Ukiuona uvimbe huo wakati trela bado liko uwanjani kwa muuzaji, una sababu ya kurudi mezani kuzungumza bei upya.

Kuhusu matairi, kuonekana mapya si ushahidi. Tairi la trela huzeeka kwa jua na kwa kusimama mahali pamoja, likapasuka barabarani likiwa na meno yake yote. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka, kwa hiyo 2317 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Likizidi miaka mitano lianze kukutia wasiwasi. Likifika saba libadilishe bila mjadala. Nunua yenye alama ya ST, ambayo ni ya matrela, na baada ya kuyafunga ukaze nati tena ukishatembea maili 50 hadi 100. Fundi akiyavua magurudumu, mwambie azitie beringi grisi na akague breki za umeme kwa safari hiyohiyo.

Siku ya kuunganisha, usiamini masikio. Mlio wa chuma kugonga chuma hauthibitishi kwamba taya zimefunga. Chungulia kwa tochi uone zimeikumbatia kingipini, weka pini ya usalama, unganisha waya wa umeme na ule wa breki ya dharura, kisha, miguu ya trela ikiwa bado inagusa ardhi na breki za trela zikiwa zimeshikwa, vuta mbele kidogo. Zikiwa hazijafunga, trela litabaki limesimama kwa miguu yake. Mimi niliwahi kuipuuza hatua hiyo kwa sababu ya manyunyu ya mvua, nikapandisha miguu kwanza, na pua ya trela ikashuka juu ya kingo za bodi ya pikapu yangu. Makunyanzi yale yapo mpaka leo.

Jambo la mwisho ni la dakika tano: chukua namba ya utambulisho ya trela, yenye herufi na tarakimu 17, uiingize katika tovuti ya NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama wa barabara kuu, uone kama kuna kasoro ambayo mtengenezaji ametakiwa kuirekebisha bila malipo. Friji za gesi zimewahi kutakiwa kurekebishwa hivyo kwa sababu ya hatari ya moto.

SWALI: Shemeji yangu, fundi umeme aliyejifunzia kazi Mombasa, anataka kuniwekea soketi ya ampea 30 kando ya gereji kwa ajili ya trela letu jipya kwetu lakini kuukuu kwa umri. Je, kuna la kuangalia? — *Msomaji, Columbus, Ohio*

JIBU: Lipo, na limewahi kuunguza vifaa vya watu wengi. Soketi ya trela ya ampea 30 ina matundu matatu na kwa macho inafanana na ile ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo hutumia volti 240. Ya trela ni ya volti 120 tu. Hata mafundi wazawa wa Marekani hukosea hapo, seuze mtu aliyezoea volti 240 za kwetu na kuziona ndizo za kawaida. Kabla ya kuchomeka chochote, pimeni kwa multimita: kati ya waya wa moto na nyutro isomeke takriban 120, kati ya moto na ethi iwe vivyo hivyo, na kati ya nyutro na ethi isome sifuri au karibu yake. Ulizeni pia katika ofisi ya ujenzi ya mji kuhusu kibali.

Soketi hiyo hutoa wati 3,600. Kiyoyozi, maikrowevu na hita ya maji ya umeme vikiwaka kwa pamoja huzidi kiasi hicho, na swichi kuu itakatika. Si ubovu wa trela.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni familia kutoka Bukavu. Trela letu tumeliunganisha na bomba la maji taka, na tumeiacha vali ya choo wazi muda wote ili uchafu upite, lakini harufu inazidi. Kosa liko wapi? — *Msomaji, Portland, Maine*

JIBU: Liko kwenye hiyo vali. Ikiwa wazi, maji hukimbia na yaliyo mazito hubaki, yakakauka na kurundikana kama kichuguu ndani ya tangi. Ifungeni, jazeni tangi maji, acheni yakae usiku kucha, mmwage, na mrudie mara kadhaa. Baada ya hapo ifungueni tangi linapokaribia theluthi mbili tu. Mwageni kwanza la choo, halafu la maji ya kuogea na vyombo, ili haya yasafishe mpira wa kumwagia. Mpira wa maji ya kunywa usiguswe kwa glavu hizohizo.

Na kwa kuwa mko Maine, ondoeni maji yote kwenye mabomba kabla ya barafu, hita ya maji mkiwa mmeitenga, kisha mpitishe kile kimiminika cha kuzuia kuganda, cha rangi ya waridi, kinachouzwa kwa ajili ya matrela. Kile cha rejeta ya gari ni sumu, na hakipaswi kuingia kwenye mabomba ya maji ya kunywa.