Re: Nimsamehe vipi baba aliyetuacha?
Pole sana dada. Umeuliza kama kumsamehe baba aliyewaacha mkiwa wadogo ni lazima umkaribishe tena nyumbani. Hapana, hayo ni mambo mawili. Msome Yusufu: ndugu zake walimuuza akiwa na miaka 17, wakaonana tena baada ya miaka kama 22. Hakujitambulisha siku ile ile. Aliwapima kwanza, na katikati akaingia chumbani kulia, akanawa uso, akatoka (Mwanzo 43). Hapo pa kunawa uso hunigusa kila mara.

Baba yangu naye aliondoka na sanduku moja. Nilimsamehe Jumapili, Jumatano hasira ikarudi, nikaanza upya. Zaburi 27:10, ile ya baba na mama kukuacha, niliisoma nimeuma meno. Simu ya baba yako usiipokee wiki hii kama hujawa tayari.