Mtoto njiti wa miezi 7 hajakaa, na kila kitu anashika kwa kushoto

SWALI: Assalaam alaykum. Mie niko Wete, nna mtoto wa kike, wa kwanza, nilimzaa kabla ya siku zake, wiki 32, kilo moja na gramu mia sita. Tukalazwa, nikambeba kifuani kangaruu mpaka uzito ukapanda tukaruhusiwa. Sasa ana miezi 7 na hajakaa, ukimkalisha anaangukia mbele. Mtoto wa jirani ana miezi 6 keshakaa zamani, na mama mkwe anasema huyu kachelewa nimnunulie woka. Nna daftari naandika kila kipya nnachokiona: kumchekea mtu alianza miezi mitatu na nusu, shingo imekaza miezi mitano na kitu, kujigeuza kajigeuza mara kadhaa lakini upande mmoja tu. Ukimwita anageuka, kelele anapiga, ananyonya vizuri. Vitu anashika kwa mkono wa kushoto, wa kulia mara nyingi kaufunga ngumi, bibi yake kasema atakuwa mashoto kama babu yake. Je nisubiri au nimpeleke hospitali?

JIBU: Waalaykum salaam mama. Nianze na la haraka ili usisome mpaka chini na roho juu: kwa kukaa usiwe na hofu, ila kwa huo mkono wa kulia mpeleke wiki hii. Najua umeuliza la kukaa na la mkono umelitaja mwisho mwisho kama jambo dogo, lakini mie kazi yangu ni fiziotherapia ya watoto, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na nilipofika kwenye hiyo sentensi ya ngumi ndo nikarudi kulisoma swali lako upya tokea mwanzo.

Kwanza tuweke umri sawa. Mimba ni wiki 40, wewe umejifungua wiki 32, kwa hiyo mtoto kaja wiki 8 kabla, na hizo wiki 8 unazitoa kila unapotaka kujua kafika wapi. Miezi 7 ni kama wiki 30, toa 8 zinabaki 22, yaani kwa hesabu ya ukuaji mwanao ana miezi 5 tu, na mtoto wa miezi 5 hakuna anayemdai akae peke yake. Sasa chukua daftari lako uhesabu upya hivyo hivyo. Kucheka miezi mitatu na nusu inakuwa mwezi mmoja na nusu na kidogo, ndo wakati wake hasa. Shingo miezi mitano na kitu inakuwa mitatu na kitu, na hiyo nayo iko pale pale. Ungekuwa hukuandika, leo ungeniambia tu "kila kitu kachelewa" na mie nisingekuwa na pa kushika, kwa hiyo daftari hilo usiliache, liendeleze mpaka afike miaka 2 maana hesabu ya kutoa wiki tunaenda nayo mpaka hapo. Isipokuwa chanjo, kwenye chanjo wiki hazipunguzwi, zinafuata tarehe aliyozaliwa kama ilivyo kwenye kadi, nimeona mama wengine wa watoto njiti wanazichelewesha kwa kudhani ndo sahihi na mtoto anabaki bila kinga wakati yeye ndo anaihitaji zaidi.

Kuhusu mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani walitoa mwaka 2006 vipimo vya lini mtoto anakaa, anatambaa, anasimama na kutembea, waliwafuatilia watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Marekani na Oman (ndugu zetu wamo), wote wazima na wamezaliwa kwa siku zao. Kukaa bila kushikwa walikuta kunaanzia kama miezi 4 kasoro kidogo mpaka miezi 9 na siku chache. Upana huo mama, mmoja anakaa na miezi minne na mwenziwe miezi tisa na wote hawana neno. Kutembea peke yake ndo kabisa, kutoka miezi 8 mpaka 17 na nusu. Na kutambaa kwa mikono na magoti wapo, kama wanne katika kila mia, ambao hawakutambaa hivyo kabisa, wakasota au wakasimama dede moja kwa moja wakaenda zao.

Kuna na la mazoea ya nyumba. Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super alikaa na Wakipsigis kule Kokwet, Kenya, akakuta watoto wao wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini kutambaa hawakuwapita, kwa sababu kukaa na kutembea mama zao walikuwa wanawafundisha makusudi kila siku na kutambaa hawakukufundisha. Kwa hiyo mtoto wa jirani anaewekwa kwenye mkeka na mito kila jioni na ndugu zake wanamzunguka atakaa mapema kwa sababu kazoezwa. Na wako mpe muda wa kulala kifudifudi akiwa macho na wewe uko mbele yake, mara nyingi kwa siku, dakika chache chache, mgongo na mabega yanakaza hapo. Akilala usingizi arudi chali.

Woka usinunue. Haimuharakishi mtoto kutembea, inamfundisha kusukuma kwa vidole vya miguu, halafu inampa mwendo wa kufika asipotakiwa kufika, kwenye seredani lenye moto, kwenye ngazi za baraza, kwenye kisima. Canada wamepiga marufuku kuuzwa kwake tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuumia. Mama mkwe mwambie kwa upole, na pesa hiyo iwe nauli ya hospitali.

Sasa mkono.

Mtoto mchanga hufunga ngumi, hiyo kawaida, lakini akifika miezi mitatu minne ya hesabu ile ya kutoa wiki, viganja vyote viwili huwa vinafunguka, na karibu miezi 5 anafikia vitu kwa mikono yote, huu na huu, hachagui. Umashoto au ukulia hauonekani kwenye umri huu. Kwa kawaida mkono anaoupenda mtoto huanza kujulikana baada ya mwaka na nusu, wengine miaka 2 au 3. Kwa hiyo mtoto ambae hajatimiza mwaka na keshachagua mkono mmoja, sisi hatusemi anaupenda wa kushoto, tunauliza wa kulia una nini. Na wewe umeniletea mambo matatu yanayokwenda pamoja: anashika kwa kushoto tu, kulia kuna ngumi, na kujigeuza ni upande mmoja. Moja peke yake ningekwambia tuangalie wiki mbili tatu. Matatu, tena kwa mtoto wa wiki 32, sitaki usubiri.

Sisemi kwamba mwanao ana mtindio wa ubongo, yaani shida ya viungo na mwendo inayotokana na ubongo kuumia mapema, na mtu asikwambie hivyo bila ya kumshika na kumpima. Huenda ni mfupa wa bega au mishipa ya fahamu ya shingoni iliyovutwa wakati wa kuzaliwa, ingawa ile mara nyingi mkono huwa umelegea tokea siku ya kwanza, hauinuki. Huenda ni kiharusi kidogo au damu iliyovuja kwenye ubongo alipokuwa bado mdogo sana, watoto njiti wako kwenye hatari hiyo kwa sababu mishipa yao ya damu ni laini, na hapo mkono hauanzi kwa kulegea tu, unakaza kidogo kidogo kadiri miezi inavyokwenda. Na huenda akapimwa akaonekana mzima, alhamdulillah, utakuwa umepoteza asubuhi moja. Ninachokukimbizia ni muda. Zamani familia zilikuwa zinaambiwa zingoje mpaka mwaka au miaka miwili ndo ijulikane, lakini mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa wakaandika kwamba mtindio wa ubongo unaweza kutambulika hata kabla ya miezi 6 ya umri uliorekebishwa (ndo ile hesabu ya kutoa wiki), na kwamba mazoezi yaanze hapo hapo hata kama jina la ugonjwa bado halijathibitika. Ubongo wa mtoto mdogo unajenga kinachotumika, ni kama njia ya mguu kwenye mikarafuu, inayopitwa kila siku inabaki nyeupe na isiyopitwa majani yanaifunga. Mkono wa kulia ukikaa miezi haufanyi kazi, ubongo unazidi kuusahau.

Nyumbani kabla hujaenda fanya hivi. Subiri keshanyonya, kaamka vizuri, hana usingizi. Mkalishe mapajani, mgongo umeegemea kifua chako, kichwa kiwe katikati kisiangalie upande, halafu mtu mwengine amuoneshe kitu kinachong'aa au kinacholia, kijiko, funguo zilizosafishwa, kwanza katikati, halafu upande wa kulia, halafu kushoto. Kisha ushike mkono wa kushoto taratibu, usiubane, muoneshe tena uone wa kulia unakuja au analia na kugeuza mwili mzima. Ukijaribu mara moja na akagoma haina maana, watoto wana siku zao, rudia kesho na keshokutwa. Ukimvua winda angalia mapaja, yanafunguka sawa au moja linakaza, na miguu akirusha inarushwa yote. Piga vidio, mtoto kalala chali mikono na miguu wazi bila nguo, simu iwe juu yake, mwanga wa kutosha, dakika mbili tatu bila kumchezesha. Vidio hizo wenzangu tunazipenda sana kwa sababu mtoto akifika hospitali analia au analala na hatuoni kitu.

Bibi akitaka kumkanda kwa mafuta ya nazi amkande, kukanda ni kuzuri, lakini asimvute viungo wala asilazimishe ngumi ifunguke kwa nguvu. Na mkono wa kushoto musiufunge kitambaa eti ili atumie wa kulia. Ipo tiba ya kuuvika mkono mzuri soksi laini kwa muda mfupi wa kucheza, lakini hiyo anaipanga mtaalamu baada ya kumpima. Nyinyi kwa sasa fanyeni kazi ya kumletea vitu upande wa kulia, mugusishe kiganja chake kwenye kanga, kwenye titi akinyonya, kwenye uso wa baba yake, na uso wako mara nyingi utokee upande huo.

Kuna moja hujaliandika na natumai halipo, lakini nalisema kwa kila mzazi wa mtoto wa umri huu. Ukimuona anajikunja ghafla, kichwa kinainama, mikono inatupika mbele, inaacha, inarudi, inaacha, inarudi, kwa mfululizo, hasa akiwa ndo kaamka, hiyo watu husema ni tumbo au mshtuko tu. Piga vidio umpeleke siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Na pia mtoto yeyote, njiti au asiwe njiti, akiacha kitu alichokuwa anakiweza, alikuwa anacheka kaacha, alikuwa anashika kaacha, hapo hakuna hesabu ya wiki, ni kwenda.

Ukienda anzia hapo hapo Wete kliniki unapompima mtoto, chukua kadi, karatasi ya kutolewa hospitali alipozaliwa, daftari na simu yenye vidio. Sema hivi hivi bila kuzunguka: "mtoto njiti wa wiki 32, umri uliorekebishwa miezi 5, hatumii mkono wa kulia." Maneno hayo daktari akiyasikia hakuchelewesheni. Omba apimwe mzingo wa kichwa na uandikwe kwenye kadi, omba rufaa ya daktari wa watoto na fiziotherapia, waulize mtapelekwa wapi, iwe Chake Chake, Abdulla Mzee kule Mkoani au kuvuka kuja Mnazi Mmoja. Utosi wake ukiwa bado wazi daktari anaweza kuagiza altrasaundi ya kichwa kupitia hapo, haimuumizi na hachomwi sindano. Na ikitokea mtu akakwambia rudi akifika mwaka, muombe kwa adabu aandike kwenye kadi alichokiona kwenye mkono wa kulia siku hiyo, na wewe urudi na vidio mpya baada ya wiki nne.