Kaka kakatwa panga, fidia anaipataje?

Pole sana dada. Kesi ya kaka yako wa Chamwino ikiwa tayari mahakamani, gharama za matibabu zinadaika humo humo, ila hakimu hakisii. Mpelekeeni mwendesha mashtaka kopi ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), risiti za dawa, hata tiketi za basi la kwenda hospitali Dodoma mjini, aombe amri ya fidia kabla adhabu haijatolewa. Wengi hukaa kimya hapo. Mshtakiwa anaenda jela, mgonjwa anabaki na madeni. (Risiti za mashine hufifia, zitoeni kopi leo.) Mshtakiwa akiachiwa huru, fungueni kesi ya madai ndani ya miaka 3 tangu tukio, huko ushahidi hauhitaji kuondoa kila shaka. Wakili hamna? Ulizeni maendeleo ya jamii wilayani, wawaelekeze kwa msaidizi wa kisheria. Huduma hiyo ni bure.