Kuku hahitaji jogoo ili atage

Dada uliyeuliza kama matetea wako wanne hapo Pasua watataga bila jogoo: watataga, tena vizuri tu. Yai linatengenezwa ndani ya tetea mwenyewe kwa saa 24 hadi 26, na muda mwingi, kama saa 20, ni wa kujenga ganda. Jogoo unamhitaji ukitaka vifaranga. Bila yeye, hata mayai yaatamiwe siku 21, hakitoki kitu. Hela ya jogoo nunulia chokaa ya mifugo, maana ganda linataka kalsiamu.

Na hili la kwamba kiini cha njano iliyokolea ndiyo alama ya kienyeji halisi linaniuma, kwa sababu watu wanaongezewa bei bure. Rangi inatokana na chakula. Wangu hapa Moshi nikiwapa mchicha na mahindi ya njano, kiini kinakolea; nikibaki na pumba na mahindi meupe, kinapauka. Kuku ni wale wale.

Halafu kile kidoa cheupe juu ya kiini, jamani msitupe yai. Kila yai linacho, jogoo awepo asiwepo.