Kemshafti za nyuzi 288 kwenye 4A-GE ya matumizi ya kila siku

Umeuliza kama ufunge kemshafti (mihimili inayofungua vali) za nyuzi 288, yaani zinazoacha vali wazi kwa nyuzi 288 za mzunguko wa injini, kwenye injini ya Toyota 4A-GE ya vali 16, katika gari unaloendea kazini kila siku. Nakushauri kwa dhati uziache. Za kiwandani ni za nyuzi 240. Ukiruka hadi 288, vali za kuingiza hewa na za kutoa moshi zitabaki wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi, hivyo kwenye mizunguko ya chini moshi utachanganyika na hewa mpya, vakyumu (nguvu ya injini ya kufyonza hewa) itashuka, na injini itatetemeka kila unaposimama kwenye foleni. Nguvu itakayoongezeka itakuwa kwenye mizunguko ya juu kabisa, ambako gari la mjini hufika kwa nadra, ilhali ile ya kuvuta mlimani utaipoteza. Nyuzi 256 zinatosha, au 264 ikiwa uko tayari kurekebisha upya kompyuta ya injini. Uliza pia vali zinainuliwa milimita ngapi, kwa sababu kemshafti zinazoinua sana huhitaji springi ngumu zaidi na shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi ya vali) zinazokaa chini ya kikombe cha vali, yaani kile kinachosukumwa na kemshafti. Shimu zinazokaa juu ya kikombe zinaweza kurushwa nje.