Wasomaji wanauliza: Vibao gani vya jazz kwa usiku wa kwanza baa?

Ndugu wahariri, tuko wanne: saksafoni ya alto, gitaa, besi na dramu. Mwenye baa moja hapa Arusha ametupa Ijumaa jioni, awamu mbili za dakika 45. Tuna vibao vinne tu vya uhakika. Tuongeze vingapi, na vipi?
*Mpiga alto, Arusha*

Ongezeni sita. Hesabu yake ni hii: bluzi ina vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sekunde 24. Mkipiga melodi mara mbili, kisha watu watatu wapige solo ya mizunguko minne kila mmoja, kisha melodi mara mbili tena, mmefikisha mizunguko 16, yaani dakika 6 na sekunde 24. Wekeni dakika saba kwa kila kibao, pamoja na makofi na kugeuza karatasi. Awamu moja inameza vibao sita, mbili kumi na viwili. Mkiwa na kumi, rudieni viwili vya bluzi awamu ya pili kwa mwendo tofauti. Hakuna mteja atakayewadai.

Sasa uchaguzi. Wengi hupima urahisi wa kibao kwa idadi ya kodi za gitaa, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Sisi tungewashauri mjiulize jambo jingine: mmoja wenu akipotea katikati ya solo, atasikia wapi pa kurudia? So What ya Miles Davis (1959) ina kodi mbili tu, na kwa sababu hiyo kila anayeanza huikimbilia. Ina vipimo 32: D maina vipimo 16, E flati maina vinane, kisha D maina vinane. Ila mzunguko ukiisha na mwingine kuanza, vile vinane vya mwisho vinaungana na 16 vya mwanzo, na mnakaa vipimo 24 mfululizo bila kodi kubadilika. Hapo ndipo mpiga gitaa anapanda E flati peke yake. Isitoshe, melodi yake inabebwa na besi. Iacheni kwanza.

Bluzi inamrudisha mtu nyumbani. Katika ufunguo wa F, yaani F ikiwa nyumbani, mnakaa kodi ya F7 vipimo vinne, B flati 7 viwili, F7 viwili, halafu C7 kimoja, B flati 7 kimoja, F7 viwili. Kipimo cha tano, kodi inapohama, hata sikio changa linakisikia. Aliyepotea anyamaze, akisubiri, aingie hapo. Chukueni tatu: C Jam Blues ya Duke Ellington, ambayo melodi yake ni nota mbili tu, G na C, Sonnymoon for Two ya Sonny Rollins katika B flati, sentensi moja ya vipimo vinne inayorudiwa mara tatu, na Bags' Groove ya Milt Jackson katika F.

Cha nne ni Cantaloupe Island ya Herbie Hancock (1964): vipimo 16, kodi ikibadilika kila baada ya vinne. Rifu yake ya kinanda, kile kifungu kifupi kinachorudiwa, aibebe mpiga gitaa bila kuiacha, maana ikikatika kibao kinabaki mifupa. Cha tano ni Blue Bossa ya Kenny Dorham, vipimo 16 katika C maina. Kuanzia kipimo cha 9 hadi cha 12 inahamia D flati meja, na shida kubwa iko kwenye kurudi. Fanyeni mazoezi ya vipimo 9 hadi 16 peke yake mpaka kurudi C maina kusiwatishe.

Cha sita, Autumn Leaves ya Joseph Kosma, vipimo 32, kina mtego kwa kundi kama lenu. Wengine hukiandika G maina, wengine E maina. Alto ni chombo cha E flati: jina la nota ya gitaa lishushe nusu toni tatu upate lako, hivyo F ya gitaa ni D yako, na G maina ya gitaa ni E maina yako. Mkishika nyote karatasi zilizoandikwa E maina mtadhani mmekubaliana, kumbe mko funguo mbili. Andika karatasi yako nyumbani, na kodi za wengine zitoke chanzo kimoja, si huyu programu ya simu na yule kitabu.

Msipeleke kibao cha polepole sana. Kwa mapigo 60, vipimo 32 ni zaidi ya dakika mbili kwa mzunguko mmoja, kila kosa linasikika na mwendo unazidi kulala. Mkilazimika, melodi mara moja, solo ya vipimo 16, kisha malizieni na nusu ya pili ya melodi.

Sisi tuna kinanda, gitaa, besi, dramu na mwimbaji. Tunaanza vizuri, lakini kila mmoja anamaliza kivyake. Mwenye baa naye analalamikia kelele.
*Mpiga kinanda, Nairobi*

Mwisho hauji wenyewe kwa kupiga kibao kizima mara nyingi. Pigeni vipimo vinane vya mwisho tu, mara kumi, bila solo. Mwisho ulio salama kuliko yote ni kurudia vipimo vinne vya mwisho mara tatu, kisha kushikilia kodi ya mwisho mpaka kiongozi ashushe mkono. Kiongozi awe mmoja usiku kucha. Akigusa kichwa, mnarudi kwenye melodi. Akiinua ngumi, mnamaliza. Na kabla ya kuhesabu, aimbe moyoni vipimo viwili vya melodi, la sivyo msisimko utawatia mbio.

Kinanda na gitaa visipige kodi kwa wakati mmoja nyuma ya solo, pokezaneni. Dramu atumie brashi. Spika ya besi iondoke konani, kwa kuwa kuta mbili huzidisha sauti nzito, nayo ndiyo inayomfanya mteja apaze sauti ili asikike mezani. Kuhusu mwimbaji, tafuteni nota ya juu anayoifikia bila kujikaza, mlinganishe na nota ya juu ya melodi, ndipo mchague ufunguo. Kitabu kisimwamulie.

Tangazo limesema "jazz", na wazee watakuja wakitegemea dansi. Tufanyeje?
*Mpiga gitaa, Dar es Salaam*

Wana haki. Kwa bendi kama Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz na OK Jazz ya Kinshasa, neno hilo lilimaanisha magitaa na kucheza. Mwambieni mwenye baa mapema aandike kwenye tangazo vyombo mtakavyopiga. Halafu kibao cha tatu kwenye orodha kiwe daraja kati ya jazz na dansi, wakati watu bado wanaagiza: Skokiaan ya August Musarurwa wa Zimbabwe, ambayo Louis Armstrong aliirekodi mwaka 1954, au St. Thomas ya Sonny Rollins, vipimo 16 katika C kwa mdundo wa kalipso. Hii ya pili ina kodi zinazopita upesi, kwa hiyo msiifukuzie kasi ya rekodi yake. Mkiombwa kibao cha dansi msichokifanyia mazoezi, kikataeni kwa heshima na mwahidi wiki ijayo, kisha mkakifanye kweli, na sebene lake lote.